Umiliki wa Umeme na Hatima ya Vyombo vya Barabarani: Kutoka Trolibasi hadi Pikipiki za Kigali

Ikisiri

Mijadala ya sera katika Afrika Mashariki huvichukulia vyombo vya umeme vya barabarani kuwa teknolojia mpya. Makala hii inaonesha kwamba vyombo hivyo vina historia ya zaidi ya miaka 140, na kwamba kustawi na kufifia kwake hakukutegemea ubora wa mota pekee, bali pia umiliki wa kile kinachoilisha mota hiyo: mitambo, nyaya na betri. Suala hilo limerejea leo katika biashara ya bodaboda na mabasi ya mijini.

1.0 Chimbuko la njia mbili

Tarehe 29 Aprili 1882, Werner von Siemens alilifanyia majaribio gari lililoitwa Elektromote huko Halensee, karibu na Berlin. Gari hilo lilipata umeme kutoka nyaya zilizotandazwa juu ya njia yenye urefu wa mita 540. Huo ndio mwanzo wa trolibasi, yaani basi lisilotumia reli ambalo huchukua umeme kutoka nyaya za juu ya barabara.

Njia ya pili ilikuwa ya betri. Mwaka 1899, Camille Jenatzy aliendesha gari la betri karibu na Paris na kuwa mtu wa kwanza kuvuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa barabarani. Miaka miwili kabla yake, teksi za umeme zilikuwa zimeanza kazi mjini New York. Kwa kuwa betri za risasi zilikuwa nzito na zilichukua muda mrefu kuchajiwa, teksi hizo zilirudi kituoni, betri iliyokwisha ikatolewa na nyingine kuwekwa. Teksi, betri na kituo vyote vilikuwa mali ya kampuni moja. Kampuni iliyorithi biashara hiyo ilifilisika mwaka 1907.

Wakati huohuo gari la petroli lilipata nguvu mpya. Ford Model T ya mwaka 1908 ilishusha bei, na kiwasho cha umeme cha Charles Kettering, kilichofungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, kiliondoa adha ya kuzungusha mkono wa chuma ili kuwasha injini. Zaidi ya hayo, petroli iliweza kubebwa kwa madebe hadi mahali ambapo umeme haukufika.

2.0 Trolibasi na halmashauri za miji

Trolibasi lilidumu zaidi. Nchini Uingereza lilianza mwaka 1911 katika miji ya Leeds na Bradford. London ililianzisha mwaka 1931, na katika kilele chake jiji hilo lilikuwa na zaidi ya matrolibasi 1,700. Siri ya ustawi huo haikuwa mota tu. Halmashauri nyingi za miji ya Uingereza zilimiliki mitambo ya kuzalisha umeme pamoja na mabasi. Mji uliuza umeme wake kwa mabasi yake, na nauli ikabaki ndani ya hazina moja.

Aprili 1948 serikali ilitaifisha sekta ya umeme. Halmashauri zikawa wateja wa chombo kingine, huku gharama ya kutunza nyaya na nguzo ikibaki mabegani mwao. Hiyo haikuwa sababu pekee: dizeli ilikuwa rahisi, na mitaa mipya ilihitaji mabasi yanayoweza kubadili njia bila kungoja nguzo. Hata hivyo, mabadiliko hayo yaliondoa hoja ya kifedha iliyokuwa ikilitetea trolibasi. London ililiacha mwaka 1962, na Bradford, mji wa mwisho, mwaka 1972.

Afrika Kusini inatoa somo la karibu zaidi. Cape Town na Durban zilianzisha matrolibasi mwaka 1935, na Johannesburg mwaka 1936. Nchi hiyo ilikuwa na makaa ya mawe tele ya kuzalishia umeme, lakini Cape Town iliyaacha mwaka 1964, Durban mwaka 1968, na Johannesburg mwaka 1986. Ni dhahiri kwamba kuwa na nishati ya nyumbani hakukutosha kuulinda usafiri wa umeme.

3.0 Betri yarudi

Betri za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, zilibadili hesabu ya uzito na masafa. Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kilizindua gari la Kiira EV mwaka 2011. Mwaka 2022 mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kazi Nairobi kwa utaratibu ambao mwenye basi hulipia betri na umeme kwa kila kilomita. Kigali, madereva wa pikipiki hubadilisha betri vituoni na kuendelea na safari baada ya dakika chache.

Utaratibu huu unampunguzia dereva mzigo mkubwa wa kununua betri. Lakini kimuundo ni tofauti na ule wa New York wa mwaka 1897: chombo ni cha mmoja, nguvu yake ni ya mwingine. Betri ya kampuni moja isipoingia katika pikipiki ya kampuni nyingine, dereva aliyekopa ili anunue pikipiki hubaki na fremu na deni pindi mtoa betri anapofunga milango.

4.0 Hitimisho

Historia hii inaelekeza sera katika mambo matatu. Kwanza, Jumuiya ya Afrika Mashariki iweke viwango vya pamoja vya betri za pikipiki kabla mitandao isiyooana haijaota mizizi. Pili, bei ya umeme wa usafiri itangazwe kwa kipindi kirefu, ili mwendeshaji asikutane na mabadiliko kama yaliyozikuta halmashauri za Uingereza mwaka 1948. Tatu, leseni ya kuendesha vituo vya betri iambatane na wajibu wa kuvikabidhi kwa mwendeshaji mwingine iwapo kampuni itafilisika. Misamaha ya kodi huvuta vyombo vingi barabarani, lakini pasipo masharti hayo haimhakikishii dereva kwamba kesho atapata umeme wa kumfikisha kazini.