Kuta na Jina la Khanga

Msafiri atokaye Mlali, chini ya milima ya Uluguru, akapita Mzumbe na kuvuka Msamvu, hufika Kihonda penye viwanda. Katika miaka ya 1970 Serikali ilikusudia Morogoro iwe mji wa viwanda: vya ngozi, viatu, turubai na nguo.

Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilitarajiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Kuta zake zilikuwa za alumini, zisizopitisha hewa katika joto lile. Hakikufikia hata asilimia 10 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Waliokitegemea kwa riziki wakarudi mikono mitupu.

Kiwanda cha nguo cha Polytex nacho kilikuwa cha umma, nacho kikadhoofu. Ubinafsishaji ukakitia mikononi mwa Mohammed Enterprises, kikaitwa 21st Century Textiles, na mle mle zikatoka khanga na vitenge.

Sisi wa pwani twajua kwamba khanga ina pindo, mji na jina, na kwamba jina lake ni shairi fupi la mwanamke asemaye pasipo kufungua kinywa. Viatu vilitengenezewa miguu ya mbali isiyoviagiza; khanga ilikuwa ikingojewa na mabega ya nyumbani. Jengo hufufuliwa na haja ya watu. Pasipo haja hiyo, kuta hubaki kuta.