Wastani na Mawimbi

Mwaka 1968, mjini Tehran, mtafiti Samuel Rahbar aliona jambo ambalo hakulitarajia: damu ya wagonjwa wa kisukari ilikuwa na himoglobini ya aina isiyo ya kawaida. Baadaye ilieleweka kwamba sukari hunata kwenye himoglobini na kubaki humo mpaka chembe nyekundu ife, na chembe hiyo huishi takriban siku 120. Damu, kumbe, hutunza kumbukumbu ya miezi miwili mitatu. Kumbukumbu hiyo ndiyo maabara huipima na kuiita HbA1c.

Kabla yake, daktari alitegemea mkojo au sukari ya asubuhi moja. Mgonjwa aliyejinyima siku mbili kabla ya kliniki aliweza kurudi nyumbani na sifa. HbA1c ilifunga mlango huo. Mwaka 1993 ikapata uzito zaidi, pale utafiti wa Marekani na Kanada uliofuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza ulipotoa majibu: walioishusha hadi karibu asilimia 7, badala ya 9, walipata madhara machache zaidi ya macho, figo na neva. Tangu hapo namba moja ikawa hukumu.

Lakini wastani huficha mengi. Anayepanda hadi milimoli 15 kwa lita mchana na kuporomoka hadi 3 usiku anaweza kupata HbA1c sawa na jirani yake ambaye sukari yake imetulia siku nzima.

Mawimbi hayo yalianza kuonekana mwaka 1999, Marekani ilipoidhinisha kifaa cha kwanza cha kupima sukari mfululizo. Ajabu ni kwamba aliyekivaa hakuziona namba zake. Alikaa nacho hadi siku tatu, kisha daktari akazisoma. Ulaya ilipopata kihisi cha mkononi cha siku 14, mwaka 2014, mgonjwa aliweza kujisomea mwenyewe. Nacho kina kasoro zake: hupima majimaji yaliyo kati ya seli, si damu yenyewe, hivyo huchelewa kwa dakika kadhaa.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee. HbA1c huchukulia kwamba chembe nyekundu za watu wote ni za namna moja. Utafiti wa mwaka 2017 kwa Wamarekani weusi ulionyesha kwamba waliobeba kinasaba cha selimundu, bila kuugua, walipata HbA1c ya chini kwa takriban pointi 0.3 kuliko wenzao wenye sukari ile ile. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kinasaba hicho si kigeni.

Kihisi bado ni ghali, na karatasi ya maabara itaendelea kuamua dozi za wengi. Isiamue peke yake. Namba ikipingana na kiu, uchovu au kipimo cha kidoleni, mgonjwa ana haki ya kuuliza damu yake imesomwa kwa kipimo cha damu ya nani.