Bibi Aliyeoa: Habari za Mkamwana katika Nchi ya Wakuria

Kila mwalimu wa Kiswahili hufundisha ya kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Nasi twafundisha hivyo. Walakini katika mwaka wetu wa kwanza wa seminari, yaani mwaka 1982, tuliambiwa kuandika insha juu ya mtu mmoja wa nyumbani, tukaandika hivi: "Bibi alioa mke kwa ng'ombe 12." Mwalimu alilikata neno "alioa" kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "aliolewa". Kisha akaisoma sentensi ile mbele ya darasa zima, na wenzetu wakacheka sana. Tangu siku hiyo hatukumtaja tena Bibi katika maandishi yetu. Leo twataka kulirudisha neno lile mahali pake, maana halikuwa kosa la sarufi. Lilikuwa kweli tupu ya nyumba yetu.

Wakuria wanakaa pande mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya. Mpaka huo ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wadachi ya mwaka 1886. Wenye nchi hawakuulizwa, na watu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya serikali mbili. Upande wa Tanzania makao yao makubwa ni Tarime, penye vilima na mvua ya kutosha. Na wengine wamevuka mto Mara kwenda kusini, katika nchi ambayo sasa ni wilaya ya Serengeti, karibu na Wangoreme, ambao lugha yao ni jirani sana na Kikuria. Bibi alizaliwa Tarime kabla ya vita ya 1914, wakati Wadachi walipokuwa na boma lao Shirati, kando ya ziwa. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa. Yeye mwenyewe alijua tu ya kuwa vita ilipoanza alikuwa mtoto wa kuchunga ndama.

Aliolewa kwa desturi, akazaa mabinti watatu, wala hakupata mtoto wa kiume. Mumewe akafa. Ili msomaji aelewe taabu ya mama kama huyo, sharti ajue jinsi nyumba ya Kikuria ilivyojengwa. Katika mji wa mtu mwenye wake wengi, kila mke ana nyumba yake, na kila nyumba ina ng'ombe wake na mashamba yake. Ng'ombe wa mahari ya binti huingia katika nyumba ya mama yake, na kwa ng'ombe hao ndugu yake wa tumbo moja huoa. Hivyo binti akitoka, mkamwana huingia, na nyumba haipungui. Lakini nyumba isiyo na mwana wa kiume ni kama chungu chenye tundu. Mabinti wakiisha kuolewa na mama akifa, mali huwaendea wana wa nyumba nyingine, na jina la nyumba ile hupotea kabisa.

Basi wazee wa kale walikuwa na dawa yake. Mama wa namna hiyo huweza kuwatoa ng'ombe wa binti yake kuwa mahari ya msichana, akamleta nyumbani. Kwa Kikuria msichana huyo huitwa mokamona. Wenye kujua Kiswahili cha pwani watalitambua neno hili mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa neno letu "mkamwana", yaani mke wa mwana. Siku hizi watu wengi huiita desturi hii "nyumba ntobu", lakini neno mokamona ndilo lituonyeshalo maana yake ya ndani. Maana mama yule hamwoi msichana kuwa mke wake kwa mambo ya mume na mke. Hakuna hata kidogo jambo la namna hiyo. Humwoa kuwa mke wa mwana wake. Na mwana huyo yuko wapi? Hayuko, hakuzaliwa kamwe. Mkamwana huzaa na mwanamume aliyekubaliwa, lakini mwanamume huyo hana haki juu ya watoto. Watoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe, nao humwita yule mama bibi.

Hivyo ndivyo baba yetu alivyozaliwa, karibu na mwaka 1942. Binti wa kwanza wa Bibi alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, kwa Wangoreme. Ng'ombe wa mahari yake, 12 kwa hesabu, waliuvuka Mara wakati wa kiangazi maji yalipopungua, wakalala usiku mmoja tu katika zizi la Bibi. Asubuhi aliwatoa wote, asibakize hata wa kukamua. Jirani walimwambia ya kuwa amefilisika. Akawajibu, "Ng'ombe hufa kwa ugonjwa. Mtu huzaa mtu." Wazee waliolelewa na watu walioiona sotoka ya miaka ya 1890, iliyomaliza mifugo katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, walimwelewa vema.

Baba yetu alimwita Bibi, nasi tukamwita hivyo hivyo. Bali kwa hesabu ya desturi sisi tulikuwa vitukuu vyake. Kati yake na baba yetu alikaa mwana yule asiyezaliwa. Shuleni tulipopewa karatasi yenye nafasi ya jina la babu, jibu la kweli lilikuwa mtu ambaye hakupata kuvuta pumzi. Tuliandika jina la marehemu mume wa Bibi, karatasi ikapokewa. Naye Bibi ndiye aliyeuza mtamba wake ili tupate ada ya shule ile ile ambamo tulimwonea haya.

Wako wadhanio ya kuwa jambo hili ni ajabu ya Wakuria peke yao. Sivyo. Wakisii, Wanandi na Wakamba wa Kenya wanayo desturi ya mwanamke kuoa, kila watu kwa namna yao. Na mwaka 1951 bwana Evans-Pritchard alitoa kitabu juu ya ndoa za Wanuer wa nchi ambayo sasa ni Sudani Kusini, akaieleza humo. Juu ya Wakuria wenyewe, mwanasheria Rwezaura aliandika kwa urefu mwaka 1985. Wala Maandiko Matakatifu si mageni kwa fikira hizi. Sara alipokosa mtoto alimtoa Hajiri. Torati iliamuru ndugu wa marehemu amwinulie nduguye uzao, jina lake lisifutwe. Na Ruthu alipojifungua, wanawake wa Bethlehemu walisema ya kuwa mtoto amezaliwa kwa Naomi, mama mzee aliyekuwa amefiwa na wanawe. Kila tunapoisoma habari hiyo kanisani twamwona Bibi, amempakata baba yetu.

Hatusemi hivyo ili tuipambe desturi. Iko nafsi ya pili katika habari hii, nayo ndiyo inayosahauliwa: mkamwana mwenyewe, aliyemzaa baba yetu. Mwaka 1994, Bibi akiwa amekwisha kufa, tulimwendea mama huyo mzee tukamwomba atueleze. Alinyamaza kitambo, akasema, "Mjukuu wangu, mimi sikuulizwa. Ng'ombe walihesabiwa jioni, asubuhi nikaondoka. Lakini Bibi yenu hakunipiga, wala sikulala njaa nyumbani mwake. Yaandike yote mawili." Nasi twayaandika yote mawili, wala hatuna ruhusa ya kuchagua moja. Wako wasichana walioingia katika nyumba za namna hii wakiwa wadogo mno, wakapata mabwana wasiowajali na watoto wasio na baba wa kuwalisha. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hutambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, hata mkamwana akitafuta haki yake kwa sheria hiyo, ndoa yake haimo.

Sasa twaja kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Bibi alipenda kanisa. Kwa miaka mingi alikuja kila Jumapili, akakaa karibu na mlango pamoja na wakatekumeni. Mwalimu wa dini alimwambia ya kuwa hawezi kubatizwa mpaka aivunje ndoa yake na mwanamke na kumrudisha kwao. Bibi akamwuliza, "Nikimrudisha mkamwana, watoto hawa nitawarudisha katika tumbo gani?" Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya, alilisikia neno "kuoa" kwa maana aijuayo yeye, wala hapakuwa na mtu wa kumweleza ya kwamba mokamona ni mke wa mwana. Mwaka 1987, Bibi akiwa hawezi tena kutembea, mwalimu huyo alitukuta njiani, nasi tu vijana wenye elimu, akatuuliza, "Bibi kizee yule ni nani kwenu, na habari ya mke wake ni ya kweli?" Tungaliweza kumfafanulia kwa maneno machache. Tulijibu, "Ni mzee wa mji wetu tu," tukapita. Bibi alikufa mwaka huo huo, angali mkatekumeni.

Tangu hapo tumefundisha miaka mingi, tumeona pia wataalamu wakija kutafuta historia ya mkoa wa Mara. Mwaka 2019 mama Jan Bender Shetler, aliyekaa na wazee wa huku muda mrefu, alitoa kitabu kuonyesha ya kuwa wanaume hukumbuka koo na mipaka, bali wanawake hukumbuka nyumba zilivyounganishwa: nani aliolewa wapi, na urafiki upi ulivuka mto. Kwetu hilo halikuwa geni. Wazee wetu wa kiume walitusimulia vita na mavamizi ya mifugo. Bibi alitusimulia safari ya ng'ombe 12, rangi ya kila mmoja, na mlango ulioingia kila mmoja baadaye.

Wasomaji wetu ni walimu na wachungaji, nao watakutana na wanawake kama hawa, kwa kuwa nyumba za namna hii ziko hata leo. Twawasihi mambo mawili. Kwanza, wasihukumu neno kabla hawajaiuliza lugha ya mwenyewe maana yake. Pili, wakiisha kumwuliza mama aliyetoa ng'ombe, wamwulize na yule aliyeletwa, kila mmoja peke yake, na kila jibu liandikwe kama lilivyosemwa.

Nasi tumekwisha kuanza. Katika daftari ya ukoo wetu, mahali pa jina la babu, tumeacha nafasi wazi, maana ndivyo ilivyokuwa. Juu yake tumeandika jina la Bibi, na mbele yake neno moja, bila wino mwekundu: alioa.