Dola 4,000 kwa Makala Moja

Mwandishi wangu wa mkoani akiomba nauli ya kwenda kusoma jalada la kesi mahakamani, uhasibu una jibu moja: analipwa kwa habari iliyotoka, si kwa habari anayoitafuta. Basi taarifa za makampuni tunaandikiwa na maofisa uhusiano wa makampuni yenyewe, sisi tunabadili kichwa cha habari. Nimehariri dawati la biashara kwa miaka mingi na jambo hili linaniuma. Ndiyo maana nikisoma historia ya jarida la McClure's la New York, naanza na hesabu zake.

S. S. McClure, mwenye jarida, aliandika baadaye kwamba kila makala ya mwandishi wake Ida Tarbell kuhusu kampuni ya mafuta ya Standard Oil ilimgharimu kiasi cha dola 4,000. Jarida liliuzwa senti 10. Hapakuwa na mfadhili. Fedha zilitoka kwa wasomaji na matangazo, na wengi wa wasomaji hao Tarbell aliwavuta mwenyewe kwa makala zake za maisha ya Napoleon na Lincoln.

Alikuwa na mshahara, achapishe asichapishe. Mwaka 1901 alivuka bahari kumfuata McClure Uswisi, wakakubaliana kazi ianze. Akapewa msaidizi mjini Cleveland, John Siddall, wa kumpekulia nyaraka na kumtafutia watu waliomjua Rockefeller, mwasisi wa Standard Oil. Makala ya kwanza ilitoka Novemba 1902. Ya 19, iliyokuwa ya mwisho, ilitoka Oktoba 1904.

Baba yake alimkataza. Mzee Franklin Tarbell alikuwa mtu wa mafuta Pennsylvania, na mwaka 1872 aliona kwa macho yake njama ya reli na wasafishaji wakubwa ya kuwapandishia nauli wenye mafuta wadogo. Alihofu kwamba Rockefeller angeliangamiza jarida. Mwandishi mwenye kidonda cha nyumbani namna hiyo anahitaji mhariri mkali kuliko mwingine yeyote, na Tarbell alikuwa naye John Phillips, aliyezipitia rasimu zake kwa utulivu.

Ushahidi uliokata mzizi wa fitina ulitoka kwa kijana wa ofisini. Kazi yake ilikuwa kuchoma karatasi za Standard kila mwezi. Siku moja akaona kwenye karatasi hizo jina la mwalimu wake wa shule ya Jumapili, msafishaji mafuta aliyeshindana na kampuni hiyo. Akazificha, akampelekea. Zilionyesha makarani wa reli wakiipa Standard taarifa za shehena za washindani wake, ili zizuiwe njiani. Mwalimu akazifikisha kwa Tarbell. Henry Rogers, kigogo wa Standard aliyekutana na Tarbell kupitia kwa mwandishi Mark Twain, alikuwa amekana kuwapo kwa mchezo huo. Makala ilipotoka alikasirika, na mazungumzo yao yakaishia hapo.

Mwaka 1906 Tarbell, Phillips na wenzao waliondoka, wamechoshwa na mipango ya McClure ya kupanua biashara kupita kiasi. Mei 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru Standard Oil ivunjwe, zikazaliwa kampuni 34. Kipindi hicho hicho McClure, aliyelemewa na madeni, alikuwa analipoteza jarida lake.