Herufi Nne za Ushirika

Katika kutimiza miaka kumi, wako wenzetu watakao tubadili herufi za alama ya Chama. Na tuwatazame kwanza wanaushirika wa Uingereza, ambao chimbuko lao ni duka la Rochdale la mwaka 1844. Mwaka 1968 walipata alama ya herufi nne nene, C na O juu, O na P chini, zilizoshikamana mfano wa majani manne ya kikonyo kimoja. Mwaka 2007 chama chao kikuu kiliiacha, kikaandika jina kwa kirefu. Lilisomeka vyema, ila kwa maoni yetu herufi zile zingefaa duka lolote. Mwaka 2016 zile nne zikarudishwa. Nasi tunao wazee wanaoitambua stakabadhi ya Chama kwa umbo la herufi kabla ya kulisoma jina. Hao hawajaulizwa bado.