Fahamu: Dereva Mpya Aanze na Gari la Manyuali au la Otomatiki?

Mwananchi anapojiandikisha katika shule ya udereva, moja ya mambo ya awali anayotakiwa kuamua ni aina ya gari atakalojifunzia. Wapo wanaoshauri kuanza na gari la manyuali, yaani lile ambalo dereva hubadili gia kwa mkono, na wapo wanaoona kuwa gari la otomatiki linatosha. Uamuzi huo unaonekana mdogo, lakini unagusa usalama wa dereva na wa watumiaji wengine wa barabara, gharama za mafunzo pamoja na nafasi ya mhusika katika soko la ajira.

Tofauti ya magari haya

Gari la manyuali lina vikanyagio vitatu: klachi kushoto, breki katikati na mafuta kulia. Klachi inapokanyagwa hutenganisha injini na gia boksi, hivyo dereva huweza kubadili gia bila kuiharibu. Baada ya hapo huiachia taratibu huku akiongeza mafuta. Akiiachia kwa haraka gari hurukaruka na kuzimika.

Gari la otomatiki halina kikanyagio cha klachi, na gia hubadilika zenyewe kulingana na mwendo na uzito. Dereva huchagua herufi tu: P kwa kuegesha, R kwa kurudi nyuma, N kwa gia huru na D kwa kwenda mbele. Magari mengi ya aina hii yana pia nafasi ya L, 2 au 1, ambayo hulazimisha gia ndogo wakati wa kupanda au kuteremka mlima.

Leseni na ajira

Nchini Tanzania, masuala ya leseni yanasimamiwa kwa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Madaraja ya leseni yamepangwa kwa kuangalia aina ya chombo na matumizi yake. Daraja A ni la pikipiki, daraja B ni la magari binafsi, daraja C na madaraja yake madogo ni la magari ya abiria, na daraja H ni la mwanafunzi anayejifunza udereva.

Kwa anayetaka udereva uwe kazi yake, suala la gia lina uzito wa pekee. Matangazo ya nafasi za Dereva Daraja la II katika utumishi wa umma kwa kawaida humtaka mwombaji awe na cheti cha Kidato cha Nne, leseni ya daraja E au C ambayo ameifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na awe amehudhuria mafunzo ya msingi ya uendeshaji magari yanayotolewa na VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Malori, daladala na magari mengi ya kazi za vijijini bado ni ya manyuali. Kijana asiyeweza kutumia klachi anaweza kuwa na leseni mkononi na bado akashindwa katika usaili wa vitendo.

Hoja za kuanza na manyuali

Hoja kuu ni kwamba aliyejifunza manyuali huhamia otomatiki kwa maelekezo ya muda mfupi, ilhali aliyejifunza otomatiki pekee hulazimika kurudi kwa mwalimu ili kuimudu klachi. Aidha, mwanafunzi wa manyuali huelewa mapema uhusiano kati ya mwendo, gia na nguvu ya injini. Uelewa huo humsaidia kwenye miteremko mirefu kama ya Kitonga mkoani Iringa na Sekenke mkoani Singida, ambako gia ndogo huzuia mwendo na kuepusha breki kupata moto kupita kiasi. Kuteremka kwa gia huru kwa nia ya kuokoa mafuta ni hatari kwa gari la aina yoyote.

Hoja za kuanza na otomatiki

Kwa upande mwingine, magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa nchini kutoka Japani kwa matumizi ya familia ni ya otomatiki. Mtu atakayeendesha gari la aina hiyo pekee ana sababu ya kujifunza kwa chombo atakachokitumia kila siku. Vilevile, mwanafunzi asiyehangaika na klachi hupata nafasi ya kutazama vioo, alama za barabarani, waenda kwa miguu na bodaboda tangu siku za mwanzo. Magari ya umeme nayo, kwa sehemu kubwa, hayana klachi.

Hata hivyo, wepesi huo una hatari zake. Gari la otomatiki likiwa kwenye D au R huanza kusogea lenyewe mara dereva anapoachia breki. Kosa la kukanyaga mafuta badala ya breki huweza kulifanya gari liruke mbele ghafla. Kwa sababu hiyo, dereva atumie mguu wa kulia pekee kwa vikanyagio vyote viwili. Aliyezoea manyuali naye ajihadhari, kwa kuwa mguu wake wa kushoto, ukitafuta klachi isiyokuwepo, huweza kukanyaga breki kwa nguvu na kusababisha gari la nyuma kumgonga.

Uzoefu wa nchi nyingine

Nchini Uingereza, anayefaulu mtihani kwa gari la otomatiki haruhusiwi kuendesha la manyuali hadi afaulu mtihani mwingine, wakati aliyefaulu kwa manyuali huruhusiwa kuendesha yote mawili. Japani ilianzisha leseni ya magari ya otomatiki pekee mwaka 1991. Ujerumani, tangu tarehe 1 Aprili, 2021, humruhusu aliyefanya mtihani kwa otomatiki kuendesha pia manyuali, mradi awe amepata angalau masomo 10 ya dakika 45 kila moja kwenye gari la manyuali na kuthibitishwa na shule yake kuwa analimudu.

Ushauri kwa mwanafunzi

Anayetarajia kuajiriwa kama dereva, au asiyejua bado ataendesha gari gani, ni vyema aanze na manyuali. Anayekusudia kuendesha gari la familia la otomatiki anaweza kuanza na hilo, lakini asishike usukani wa gari la manyuali barabarani kabla ya kufundishwa. Kabla ya kulipa ada, aulize shule ina magari ya aina gani na atapewa saa ngapi za vitendo kwa kila aina.

Wananchi wanakumbushwa kujifunza katika shule zilizosajiliwa, kuwa na leseni ya mwanafunzi, kuweka alama ya L kwenye gari na kuwa na mwalimu wakati wote wa mafunzo. Gia za aina yoyote hazichukui nafasi ya uangalifu na utii wa sheria.