Yule Aliyeshika Vifundo vya Miguu

Mwaka 1879, mahali panapoitwa Kahura, Bunyoro, kuna mwanamume alisimama mwisho wa kitanda akashika vifundo vya miguu ya mwanamke aliyekuwa anapasuliwa tumbo. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake siku hiyo. Jina lake halikuandikwa popote, na mimi namfikiria karibu kila nikivaa zile nguo za kijani.

Habari yake tumeipata kwa Robert Felkin, kijana Mwingereza aliyekuja Uganda na wamisionari. Alishuhudia upasuaji huo, akauchora, na mwaka 1884 maelezo yake yakachapishwa kwenye jarida la madaktari la Edinburgh. Ukisoma maelezo yale polepole unaona kitu kimoja: hii haikuwa bahati nasibu. Hawa watu walikuwa wamefanya hivi mara nyingi.

Mama alikuwa na miaka kama 20 hivi, mimba ya kwanza. Alipewa pombe ya ndizi mpaka akalegea. Kitanda kilikuwa kimeinama, upande wa kichwa uko juu. Nguo ya magome ya mti ilifungwa kifuani kumshikilia kitandani, nyingine mapajani. Mmoja akashika vifundo vya miguu. Mwingine akasimama upande wa kulia akituliza tumbo. Mpasuaji mwenyewe, kushoto, akaosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji. Pombe, kabla ya kisu! Joseph Lister alikuwa amechapisha habari zake za asidi kaboliki mwaka 1867 tu, na kuna madaktari wengi Ulaya walikuwa bado wanamcheka.

Kisha akakata. Msaidizi akawa anagusa mishipa inayovuja damu kwa chuma cha moto, na kazi ya kuvuta kingo za kidonda ili mpasuaji aone vizuri ikawa ya msaidizi pia. Mtoto akatolewa. Mfuko wa uzazi haukushonwa, mpasuaji aliukamua kwa mikono mpaka ukajikaza. Mama akageuzwa ubavu, maji na damu vikatoka, akarudishwa chali, kidonda kikafungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyozungushiwa uzi wa magome. Juu yake dawa ya mizizi iliyotafunwa, jani la mgomba lililopashwa moto, halafu bandeji. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona, mama mzima na mtoto mzima. Wakati huo huko Ulaya, mama aliyepasuliwa hivyo mara nyingi alikufa.

Watu wakisimulia kisa hiki humsifu mpasuaji. Ni haki yake. Lakini mimi niko mwaka wa pili nasomea teknolojia ya thieta, kwa hivyo macho yangu yanaenda kwa wengine. Nani alipasha chuma? Nani alihesabu misumari? Nani alijua mama afungwe kifuani kwa nguvu gani ili bado aweze kupumua?

Nyumbani hii kozi haieleweki. Mjomba aliniuliza mbele ya watu, kwenye matanga, "Kwa hivyo wewe ni daktari ama nesi?" Nikamwambia si daktari, si nesi. Akafikiria kidogo. "Aaa. Kumbe wewe ni wa kusukuma machela." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Ukweli ni kwamba nasukuma machela pia.

Hata hili jina, thieta, lina kisa. London kuna chumba cha upasuaji cha mwaka 1822, kiko kwenye dari ya kanisa la hospitali ya zamani ya St Thomas', na siku hizi ni makumbusho. Katikati ni meza ya mbao. Kuizunguka kuna ngazi ambazo wanafunzi walisimama wakitazama, kama watu wanaotazama mchezo. Chini ya meza liliwekwa sanduku la vumbi la mbao la kunyonya damu. Nusukaputi haikuwepo. Etha ilionyeshwa hadharani Boston tarehe 16 Oktoba 1846, na kabla ya hapo daktari alihitaji wanaume wenye nguvu wa kumshika mgonjwa, pamoja na wa kumbebea sanduku la visu. Uingereza, watu wa kazi yangu huhesabu hao wabeba sanduku kuwa mababu zao. Si ukoo wa kujivunia sana, lakini ndio huo.

Etha ikaja, mgonjwa akalala. Sasa hapo ndipo kazi ya kushika ilipobadilika, na nilichelewa kuelewa hilo mpaka likanigharimu.

Nilikuwa kwenye mafunzo ya vitendo, hospitali siitaji. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo, amelala chali, amepewa nusukaputi kamili. Kazi yangu ilikuwa kumlaza vizuri: mto chini ya visigino, mkanda juu ya magoti, mikono kwenye vibao vya pembeni. Darasani tunaambiwa mkono usifunguliwe kupita digrii 90 kutoka ubavuni, kwa sababu mishipa ya fahamu inayopita kwapani huvutika. Mtu aliye macho angesema naumia. Aliyelala hasemi kitu. Nilikuwa najua hayo, nilikuwa nimeyaandika kwenye mtihani. Lakini daktari alitaka nafasi ya kusimama, kibao kikasukumwa mbele kidogo, nami nikaona na nikanyamaza. Mimi ni nani nimwambie?

Baada ya karibu saa moja sista aliinua shuka, akaangalia, akarudisha mkono bila kelele. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, "Kijana, huyu hana mdomo sasa hivi. Mdomo wake ni wewe."

Jioni mama alisema vidole viwili vimekufa ganzi. Nilimwambia ni mimi niliyeachilia mkono wake ukae vibaya. Aliniangalia tu. Kila jioni nilipomaliza zamu nilipanda wodini kumuuliza, "Mama, leo vidole?" Siku ya tatu aliweza kufunga kifungo cha sweta. Ningesema nilifurahi, lakini nilichofanya ni kwenda kukaa kwenye ngazi.

Wiki hiyo ndiyo nilisoma kuhusu Caroline Hampton. Alikuwa nesi mkuu wa thieta pale Johns Hopkins, Baltimore, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1889. Kloridi ya zebaki waliyotumia kuua vijidudu ilimchubua mikono vibaya. Daktari wake, William Halsted, akaagiza kampuni ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba za mpira. Mwaka 1890 wakaoana, naye akaacha kazi. Glavu zilibaki, zikavaliwa na wasaidizi, na miaka kadhaa ikapita kabla madaktari wenyewe kuzivaa kama kawaida na kugundua kwamba vidonda vya wagonjwa havioozi ovyo. Kwa hivyo glavu ilianza kama dawa ya ngozi ya msaidizi, na daktari ndiye alifuata.

Na kuna hii ya karibu na sisi. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama ya upasuaji mwaka 2008. Ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, moja ikiwa Ifakara, Tanzania, pamoja na London, Seattle, Toronto, Delhi na kwingine. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hakuna mashine mpya hapo, ni karatasi moja ya maswali. Huyu ni nani, anapasuliwa wapi, gozi zimehesabiwa? Na moja ambalo wengine huliruka kwa sababu wanaona ni la kitoto: kabla ya kisu, kila aliye chumbani ataje jina lake na kazi yake.

Jumatatu iliyopita zamu ilifika kwangu. Daktari alikuwa ameshanyoosha mkono akisubiri kisu. Nilisema jina langu, nikasema nimemlaza mgonjwa mimi, halafu nikasema kibao cha kushoto kimepita digrii 90, naomba kirudi kidogo.

Akasogea. Sista hakuniangalia, alikuwa anahesabu gozi.